Farasi Anayekakamaa Misuli: Mwongozo Kamili wa Lishe na Virutubisho kwa Wafugaji wa Arusha na Moshi

Masika ikikatika na njia zikianza kukauka, ndipo tatizo hili hujitokeza zaidi kwenye mabanda ya farasi huku Kaskazini. Farasi amekaa wiki mbili bila kazi kwa sababu ya tope. Ndoo yake ya mahindi na pumba imekuja kila asubuhi kama kawaida. Siku ya kwanza anapotandikwa, hata nusu saa haijaisha, anafupisha hatua, anatoka jasho kuliko wenzake, misuli ya kiuno na makalio inakuwa migumu kama ubao, kisha anagoma kabisa kusogea.

Mwenye farasi huuliza, "Nimpe vitamini gani?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Cha kwanza ni kujua nini kiondolewe kwenye ndoo, na ndoo hiyo ipungue siku gani. Virutubisho vyote vya duka la dawa za mifugo haviwezi kushindana na kilo tatu za mahindi anazopewa farasi asiyefanya kazi.

Kinachotokea ndani ya misuli

Seli za misuli huharibika na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Kimojawapo ni myoglobini, ile rangi nyekundu ya nyama, ambayo hupita kwenye figo na kuufanya mkojo uwe wa kahawia kama kahawa. Figo zinaweza kuumia hapo, na farasi aliyepungukiwa maji ndiye aliye hatarini zaidi. Zamani lawama zilitupiwa asidi ya laktiki. Maelezo hayo yamekwisha kuachwa, ingawa bado wapo wanaomnywesha farasi magadi au baking soda "kuua asidi". Haisaidii.

Farasi yeyote anaweza kukakamaa mara moja maishani: kazi kubwa kuliko mazoezi yake, joto, upungufu wa chumvi. Huyo hupona na mambo yakaisha. Anayerudia ndiye tunayemzungumzia hapa, na hao wako wa aina mbili kubwa. Aina ya kwanza, RER (kwa Kiingereza recurrent exertional rhabdomyolysis, yaani misuli kuharibika mara kwa mara kwa kazi), huonekana sana kwa Thoroughbred, farasi wa mbio, na machotara wake, hasa majike vijana wenye wasiwasi. Kwao mfumo unaoongoza kalsiamu ndani ya misuli hauko sawa, na msisimko pamoja na wanga mwingi huwasha tatizo. Ukiwa na farasi aliyestaafu mbio za Nairobi akaletwa Usa River au Magharibi mwa Kilimanjaro kwa ajili ya safari za watalii au polo, fikiria hii kwanza. Aina ya pili, PSSM (polysaccharide storage myopathy), ni ya misuli inayorundika glaikojeni, ile akiba ya sukari ya misuli, kupita kiasi. Mwaka 2008 watafiti walibainisha hitilafu ya jeni la GYS1 inayosababisha PSSM ya aina ya 1, ambayo hupatikana sana kwa farasi wa aina ya Quarter Horse na farasi wakubwa wa kukokota mizigo, na ni adimu kwa Thoroughbred. Kipimo chake hufanywa kwa nywele za mkia zilizong'olewa na mizizi yake, zikatumwa maabara ya nje ya nchi.

Lishe ya aina zote mbili hufanana kwa sehemu kubwa, kwa hiyo huna haja ya kusubiri majibu ya jeni ndipo uanze.

Siku anapokakamaa

Simama papo hapo. Usimtembeze "alegee", na usimkokote kilomita tano kurudi kambini. Kila hatua inaongeza uharibifu. Shuka, toa tandiko, mpeleke kivulini hatua chache tu kama kuna jua kali, au mfunike blanketi kama ni asubuhi ya baridi ya Julai. Mpelekee maji alipo. Piga simu kwa daktari wa mifugo. Mkojo ukitoka, kinga kidogo kwenye chupa safi ili daktari auone. Dawa za maumivu zilizobaki kabatini usizichome kabla daktari hajasema, kwa sababu nyingi huumiza figo za farasi aliyekauka maji, na figo ndizo tunazozilinda. Chakula ni nyasi kavu tu; ndoo ya nafaka isionekane.

Daktari atachukua damu kupima vimeng'enya viwili vinavyovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia. CK hufika kileleni saa nne hadi sita baada ya tukio na kushuka ndani ya siku chache. AST hupanda polepole na kubaki juu kwa wiki kadhaa. Vyote viwili vikisomwa pamoja vinaeleza kama misuli imeumia leo au ilianza kuumia tangu wiki iliyopita bila mtu kujua. Omba majibu kwa maandishi uyahifadhi.

Kwa mazingira yetu, kuna magonjwa mengine yanayofanana na haya. Mkojo mweusi pamoja na homa na ufizi uliopauka au wa njano huelekeza kwenye ugonjwa wa kupe. Farasi aliyekakamaa mwili mzima, masikio wima na taya limebana, mtazame kwa pepopunda. Anayegaagaa na kutazama ubavu huenda ana msokoto wa tumbo. La nne nitalieleza kwenye nafaka, kwa sababu ni sumu inayopitia ndoo.

Hatua ya kwanza: jua uzito wake

Mizani ya farasi hatuna, lakini futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha zidisha kwa urefu, halafu gawa kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha sentimita 180 na urefu wa 160 anapata kilo 436 hivi. Hesabu zinazofuata ni za farasi wa kilo 450.

Hatua ya pili: nyasi ndiyo chakula

Asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kama kilo 9 za hei (nyasi zilizokaushwa). Aliyenenepa mpe asilimia 1.5. Pima robota kwa mizani walau mara moja kila mzigo mpya unapoingia, maana uzito hutofautiana sana kati ya muuzaji mmoja na mwingine, na "robota nusu" ya saisi (mtunza farasi) mmoja siyo ya mwenzake.

Hei ya Rhodes ndiyo ninayoipendelea. Nyasi za ukanda wa joto kwa kawaida zina sukari ndogo kuliko hei ya Ulaya inayotajwa kwenye vitabu, na hiyo ni bahati yetu. Tahadhari iko kwenye hei ya oti au shayiri iliyokatwa mbichi huko Magharibi mwa Kilimanjaro: inapendeza, inanukia, farasi anaifurahia, lakini inaweza kubeba sukari na wanga mwingi. Kwa farasi wa PSSM lengo ni hei isiyozidi asilimia 12 ya sukari na wanga kwa jumla. Kama huwezi kupima na unaishuku, iloweke saa moja kwenye maji ya baridi, mwaga maji yale mbali na farasi, mlishe mara moja. Usiiache hadi jioni; kwenye joto la Moshi itachacha.

Nyasi zetu nyingi, kama kikuyu, setaria na matete, zina oksaleti inayofunga kalsiamu isitumike mwilini. Farasi anayekula hizo pekee kwa muda mrefu huanza kuumia mifupa, hata uso huvimba. Pumba nazo zina fosforasi nyingi, kwa hiyo huzidisha tatizo. Kilo moja ya lusini (alfalfa) kavu kwa siku husaidia sana. Lusini ikikosekana, gramu 30 za chokaa ya mifugo hufanya kazi. Hakikisha ni unga wa mawe ya chokaa na siyo chokaa ya kujengea, ambayo inaunguza. Na usikubali kuletewa majani ya mti wa lusina badala ya lusini. Yana mimosini, ambayo hunyonyoa nywele za shingo na mkia wa farasi.

Hatua ya tatu: toa wanga

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo utabishana na watu wako. Mahindi ni wanga kwa asilimia 70 hivi. Shayiri zaidi ya nusu. Oti ni afadhali kidogo, lakini bado ni nyingi mno kwa farasi huyu. Pumba za mahindi zinategemea mashine: zile za sembe iliyokobolewa sana huja na unga mwingi ndani. Pumba za ngano zina wanga kiasi. Konzi mbili za kubebea dawa hazina neno, debe zima lina neno.

Molasi inapatikana kirahisi kwa kuwa kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini, na wafugaji wa ng'ombe wameizoea. Kama nusu yake ni sukari. Iondoe kabisa, pamoja na miwa na maganda ya ndizi. Karoti moja mbili kutoka kwa mtalii hazimuui farasi. Mfuko mzima kila jioni ni jambo jingine, na ni afadhali mgeni aambiwe mapema kuliko saisi amnyang'anye mkononi.

Mzee mmoja wa banda aliwahi kuniambia, "Kijana, farasi asiyekula mahindi hana nguvu." Maneno hayo hayakutoka hewani: wazee waliona farasi wa kazi wakikonda kwa nyasi duni. Ndiyo maana hatua ya nne ipo. Nguvu tutamrudishia, ila kwa njia nyingine.

Sasa ile sumu. Usimpe farasi chakula cha kuku wala chakula cha ng'ombe ambacho hujui kimechanganywa nini. Baadhi huwekewa monensini na dawa za jamii yake, za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) au kukuza mifugo. Kwa farasi, kiasi kidogo mno huharibu misuli na moyo, na dalili zake zinaweza kufanana kabisa na kukakamaa. Farasi wawili watatu wakikakamaa wiki moja, acha kufikiria jeni, kagua gunia. Mahindi yenye ukungu nayo yasiingie bandani kwa kisingizio cha bei, kwa sababu sumu yake hushambulia ubongo wa farasi. Mashudu ya pamba na machicha waachie ng'ombe.

Nafaka usiikate yote kwa siku moja kama farasi yuko kazini na hajaumwa. Punguza kwa siku saba hadi kumi. Aliyekakamaa leo, ondoa yote leo.

Hatua ya nne: rudisha nguvu kwa mafuta

Nusu lita ya mafuta ya kula ina nguvu inayokaribia ya kilo moja na robo ya mahindi, bila wanga hata chembe. Kwetu mafuta ya alizeti ndiyo rahisi. Ya soya ni mazuri pia. Yasiwe yaliyokaangia chipsi, na yasiwe yameanza kunuka.

Anza na mililita 50 kwa siku. Ongeza 50 kila baada ya siku mbili au tatu hadi ufike 300 au 400, ukigawa asubuhi na jioni. Kikomo ni mililita moja kwa kila kilo ya uzito wake. Kinyesi kikilainika au kikawa na mng'ao wa mafuta, rudi nyuma hatua moja na umpe wiki. Mafuta yanahitaji kitu cha kuyabeba: lusini iliyokatwakatwa na kuloweshwa kidogo, au nusu kilo ya mashudu ya alizeti. Mashudu ya mashine zetu ndogo hubaki na mafuta mengi, jambo zuri kwetu, lakini pia maganda mengi. Chagua yaliyo mapya, yanukie mbegu, yasinuke rangi ya kuchora. Pumba laini za mpunga kutoka mashine za Moshi Chini zina mafuta pia, ila huharibika ndani ya siku chache baada ya kukobolewa, na zina wanga. Sizitegemei.

Kumimina mafuta juu ya mahindi yaleyale hakusaidii kitu zaidi ya kumnenepesha. Mafuta hufanya kazi pale wanga ulipoondoka. Na kama farasi tayari ni mnene, mbavu hazipapasiki, ruka hatua hii: mpe nyasi, vitamini, chumvi na mazoezi, basi. Kwa farasi wa RER kuna faida ya ziada, kwamba wengi hutulia kitabia nafaka inapobadilishwa na mafuta, na utulivu wenyewe ni sehemu ya tiba.

Hatua ya tano: vitamini E, na seleniamu kwa kipimo

Majani mabichi yana vitamini E nyingi. Yakikaushwa yakawa hei, hupotea sehemu kubwa, na huendelea kupotea ghalani. Farasi anayekula hei ya mwaka jana wakati wa kiangazi karibu hakika anapungukiwa, na mafuta unayompa yanaongeza mahitaji yake. Mpe IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini kinachoandikwa kwenye lebo) 1,000 hadi 2,000 kila siku. Kama dawa ya farasi haipatikani, vidonge laini vya binadamu vya IU 400 kutoka duka la dawa vinafaa: vitatu hadi vitano kwa siku, vikitobolewa juu ya chakula chenye mafuta. Soma lebo. Iliyoandikwa "d-alpha" ni ya asili na hufyonzwa vizuri zaidi. "Dl-alpha" ni ya kutengenezwa, na itabidi uelekee kiwango cha juu.

Seleniamu hufanya kazi pamoja na vitamini E kulinda seli za misuli, na ndiyo maana chupa nyingi za sindano huchanganya vyote viwili. Hapa nataka msomaji apunguze mwendo. Farasi wa kilo 450 anahitaji miligramu moja hadi tatu hivi kwa siku kutoka vyanzo vyote. Pengo kati ya kutosha na kuzidi ni jembamba. Ikizidi kwa muda, nywele za shingo na mkia hudondoka na kwato hupasuka kwa mduara. Ukiona dalili hizo uliza mambo mawili: ni nani anampa majani ya lusina, na ni bidhaa ngapi zenye seleniamu anazopewa kwa wakati mmoja. Mwombe daktari apime seleniamu ya damu kwanza, kisha tumia chanzo kimoja tu. Sindano za ng'ombe usijichomee mwenyewe. Zimewahi kuangusha farasi kwa mzio wa ghafla.

Virutubisho vingine vinavyouzwa kwa jina la misuli, magnesiamu na mimea ya kila namna, sivipigi vita, ila kwa bajeti ya kawaida fedha hiyo ninge­inunulia hei bora.

Hatua ya sita: chumvi

Vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya kawaida kwa siku ya mapumziko, gramu 30 hivi. Siku ya jasho jingi, gramu 50 hadi 60 zilizogawanywa mara mbili, maji yakiwepo muda wote. Jiwe la kulamba ni nyongeza. Farasi wengi hawalilambi vya kutosha. Magadi siyo mbadala. Yana sodiamu bila kloridi ambayo jasho la farasi huimwaga kwa wingi, na yanabeba floridi, ambayo maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru tayari yanayo kupita kiasi.

Hatua ya saba: ndoo ifuate kazi

Bila mazoezi ya kila siku lishe hii hufanya nusu ya kazi. Kusimama bandani ndiko kunakomharibu. Awe nje uwanjani muda mrefu iwezekanavyo, na hata siku ya Jumapili saisi amtembeze au amzungushe kwa kamba dakika 20. Mvua ikizuia kazi, mafuta na mashudu hupungua kwa nusu siku hiyohiyo. Nyasi, vitamini na chumvi hubaki. Vivyo hivyo anapopumzishwa baada ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Agizo liandikwe ubaoni, mlangoni pa ghala, kwa sababu anayelisha saa kumi na mbili asubuhi siyo yule aliyeamua jana jioni kwamba kesho hakuna safari.

Kumrudisha kazini baada ya tukio, subiri daktari aridhike na CK. Anza na dakika tano: hatua za kawaida na troti fupifupi bila mpanda farasi. Ongeza dakika mbili kila siku. Akifika nusu saa bila shida, weka tandiko. Kila siku ya kazi, dakika 15 za mwanzo ziwe za kutembea tu. Yule mwenye wasiwasi alishwe wa kwanza na atoke wa kwanza. Kumwacha akipiga mlango teke huku wenzake wanakula ni kumwandalia ugonjwa.

Mabadiliko yape wiki sita kabla ya kuhukumu, huku ukiandika kila siku alichokula, alichofanya, rangi ya mkojo na jinsi alivyotembea. Akirudia kukakamaa ndani ya muda huo, kwanza chunguza ndoo yenyewe usiku usiotarajiwa. Mara nyingi mtu amemhurumia akamrudishia mahindi. Ndoo ikiwa safi, peleka daftari na majibu ya damu kwa daktari mzungumzie kipande cha misuli kupimwa, au dantrolini kwa farasi wa RER, dawa inayotolewa kabla ya kazi na kwa usimamizi wake.